Wiki ya Thelathini na Tisa

Walimwita Mama Wiki, na jina hilo hakupewa bure. Alilitolea jasho miaka ishirini na miwili, ameinama juu ya mabeseni ya watu, akifua nepi za watoto wasio wajukuu wake, akipika supu asiyoionja, akifagia vyumba ambavyo wenyewe walishavikatia tamaa. Leo wapo wanaomwita kwa majina mengine, na wengi wao ni wale wale aliowafulia.

Kanisani kwao kulikuwa na Umoja wa Mama. Kazi ya Umoja ilikuwa kusimamisha nyumba za watu: kuwafundisha maharusi, kupatanisha wanandoa, kuombea waume walevi. Hizo zilikuwa kazi za mdomo, na wenye midomo hawakukosekana. Kazi ya mikono ilikuwa moja tu, nayo iliitwa wiki ya mzazi. Mwanamke akijifungua, Umoja humpelekea mlezi mmoja kwa siku saba, kuanzia alfajiri mpaka jua linapozama, apike, afue, amwogeshe mtoto, na mzazi apate kulala. Wiki ikishaanza haikatishwi. Wazee walisimulia kwamba zamani mlezi mmoja aligombana na mzazi kwa ajili ya sufuria iliyoungua, akaondoka siku ya nne kwa hasira. Siku ya tano mzazi alitokwa damu peke yake, mlango umefungwa, na majirani walipouvunja mtoto alikuwa hana sauti tena ya kulilia. Tangu hapo ikaandikwa kwenye kitabu cha Umoja kwamba anayevunja wiki anarudisha kitambaa. Kitambaa chenyewe, sare ya Umoja ya kufunga kichwani, kilikuwa cheupe, kina ukingo wa bluu, na aliyevikwa hicho alikuwa na mahali pa kukaa duniani.

Mama Wiki alikuwa na wiki thelathini na nane, zote nzima. Alikwenda akiwa na homa, alikwenda akiwa na mkono ulioungua kwa pasi, na mwaka aliomzika mama yake alimzika Jumanne, Jumatano akawa kwenye beseni la mtu. Siku za kawaida alikuwa dobi katika nyumba ya wageni, mashuka arobaini kwa siku, na wiki yake ilipofika alibadilishana zamu na mwenzake. Hakuwahi kusoma. Baba yake alipeleka wavulana shule, yeye akaambiwa abaki kuangalia watoto wachanga, maana kila mwaka alikuwapo mmoja. Hiyo ndiyo ikawa shule yake, na humo hakuna aliyemshinda. Kwenye Umoja walikuwapo wauguzi, walikuwapo walimu, lakini mtoto akilia bila sababu waliitwa wauguzi, wakashindwa, kisha akaitwa yeye.

Ilikuwapo desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyomkata. Jumapili ya kumalizia wiki, mlezi ndiye anayembeba mtoto mpaka mbele ya kanisa. Si mama, wala bibi. Mchungaji anamwuliza, “Mlezi, umeikutaje nyumba hii?” Naye anajibu, “Nimeikuta nyumba ya amani,” kisha anamweka mtoto mikononi mwa baba yake, watu wanapiga makofi. Waliofikiria jambo hilo hawakuwa wajinga. Unaweza kumdanganya mchungaji anayekuja kunywa chai nusu saa, lakini mwanamke aliyefua mashuka yako siku saba utamdanganyia wapi? Neno lake lilikuwa muhuri. Nyumba ikiwa mbaya, mlezi alimweleza mwenyekiti mapema, na mwenyekiti ndiye aliyeamua. Vinginevyo mlezi asiyemkabidhi mtoto alihesabiwa kuwa hajamaliza wiki.

Mwenyekiti alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Aliwahi kuwa mwalimu mkuu, akastaafu, lakini watu wote waliendelea kumwita Mwalimu na yeye aliendelea kuwaona watu wote kama darasa la tatu.

Na mume? Mume alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno laini na mkono mwepesi wa plasta. Walizaa watoto wanne. Alikuwa mzee wa kanisa mpaka mwaka uliopita, aliporudi nyumbani siku moja akasema amejiuzulu, amepata kazi ya daraja mkoa wa mbali, atakuwa anakuja Jumamosi moja moja. Mama Wiki alimfungia nguo, akamwekea sabuni na dawa ya meno, akamsindikiza mpaka njia panda. Kila alipokuja alimfulia na kumshonea palipochanika. Aliuliza daraja limefika wapi, akaambiwa bado nguzo. Mwaka mzima nguzo.

Basi mwezi huo orodha ya wiki za wazazi ilibandikwa kama kawaida kwenye mlango wa ofisi ya kanisa. Mama Wiki alimwomba katibu amsomee zamu yake, kama alivyomsomea miaka yote. Katibu alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, anayefanya kazi posta. Siku hiyo hakucheka. Alisoma akiwa ameelekeza macho kwenye viatu vyake: nyumba yenye mlango wa kijani, nyuma ya mashine ya kusaga, uzazi wa kwanza. Mama Wiki alipouliza ni mtoto wa nani, akajibiwa kuwa ni binti mgeni mgeni tu, Umoja umeona umsaidie. Walikuwapo wengine watano au sita pale mlangoni, nao wakanyamaza, akadhani wananyamaza kwa heshima ya orodha. Pini moja ya karatasi ilikuwa imelegea, karatasi imekaa upande. Yeye ni dobi, kitu kilichokaa upande humuwasha macho. Akainyoosha karatasi kwa viganja viwili kama anavyonyoosha shuka, akaikandamiza pini kwa kidole gumba. Kumbe chini ya kidole kile palikuwa na jina la mumewe.

Jumatatu alfajiri akaenda. Kutoka kwake mpaka nyuma ya mashine ya kusaga ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Alikuta nyumba ya vyumba viwili, mpya, ukuta laini kama uso wa sahani, na binti wa miaka ishirini na nne au tano, muuzaji wa duka la saruji na misumari, amekaa kitandani na mtoto wa kiume kama mtu aliyekabidhiwa yai la moto. Binti alimwamkia kwa sauti ndogo na akataka kupiga magoti. Mama Wiki akamzuia, akamwambia mzazi hapigi magoti, mshono utafumuka. Akaweka maji jikoni. Akapitisha kiganja ukutani, akasifu, akasema fundi aliyepiga plasta hii ana mkono, ana hakika hata mumewe hamfikii. Binti akainamisha kichwa.

Siku ya pili alimfundisha kumshika mtoto wakati wa kunyonya ili chuchu zisichubuke. Akamwambia habari za wanawe wanne, akamtania kwamba huyu analia kwa sauti ya diwani anayeomba kura. Alipouliza baba mtoto yuko wapi, binti akasema yuko kazini, halafu akashika mdomo. Mama Wiki akamwonea huruma. Akamwambia asijali, wanaume wa kazi ndivyo walivyo, hata wake yuko darajani. Binti akamtazama, machozi yakamtoka, akasema, “Mama, una moyo wewe.” Mama Wiki akacheka, akadhani ni machozi ya uzazi.

Siku ya tatu mtoto alilala saa nne mfululizo, na mama yake akalala naye. Mama Wiki alikaa kizingitini akapumzisha mgongo. Alijisikia vizuri. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kulimeza: kwamba siku ya tatu, katika nyumba ile, alijisikia vizuri.

Siku ya nne akaomba nguo zote chafu. Nepi alishafua, mashuka alishafua, lakini nyuma ya mlango kulikuwa na kapu lenye kifuniko ambalo binti hakuwa akilitoa.

“Hilo liache, Mama,” binti akasema. “Zile nitafua mwenyewe nikipata nguvu.”

“Mzazi hafui. Ukifua wewe, nitaambiwa nilikuja kulala.”

“Basi ziache kwa ajili yangu.”

“Nguo za mwanamume zinakuaibisha nini? Nimezifua za kila rangi.” Na akalibeba kapu, kwa sababu wiki yake ilikuwa wiki, hakuiacha na kona chafu. Mwanamke mvivu angeliacha kapu lile na angeendelea na maisha yake.

Suruali ilikuwa ya kazi, magoti yamekauka saruji. Dobi yeyote kabla ya kuloweka hugeuza mifuko nje, asije akaiharibu karatasi ya mtu. Akaugeuza mfuko wa kulia. Ndani ulikuwa umetiwa kiraka cha kitambaa cha mraba mraba, bluu na cheupe, kimeshonwa kwa uzi mweusi uliokunjwa mara mbili. Kitambaa kile kilitoka kwenye shati la shule la kitinda mimba wake. Uzi ulikuwa mweusi kwa sababu mweupe ulikwisha siku ile, na yeye alisema haidhuru, nani ataona ndani ya mfuko.

Hakuzimia. Aligeuza ndoo, akaikalia. Maji ya bomba yaliendelea kumwagika kwenye beseni mpaka yakafurika, yakamlowesha miguu, akayatazama. Halafu akafunga bomba, kwa sababu maji hayana kosa, akaingia ndani na suruali mkononi.

“Hii ni ya nani?”

Binti alikuwa ananyonyesha. Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayengoja utani uishe. Kisha akamwona uso.

“Mama,” akasema, “si unajua?”

“Najua nini?”

“Walikuja kuniambia umekubali. Mwalimu mwenyewe alikaa hapo ulipo. Alisema mke wake amesamehe, na atakuja yeye mwenyewe kunilea, ili kanisa lione.” Akamvuta mtoto karibu. “Uliposema wako yuko darajani nilidhani unanitania. Siku nne nakutazama unavyomwogesha, nasema huyu si mtu, huyu ni malaika. Mimi nisingeweza.”

“Hata mimi nisingeweza,” Mama Wiki akasema.

Akaiweka suruali kwenye beseni, akapangusa mikono, akatoka na kandambili za maji.

Alimkuta Mwalimu barazani kwake, miwani puani, anapanga nyimbo za ibada ya Jumapili. Mwalimu alimtazama mikono, povu lilikuwa bado limemkauka kwenye viwiko, akamkaribisha kwa utaratibu, akavuta kiti. Mama Wiki hakukaa.

“Wifi, ulijua.”

“Keti kwanza.”

“Ulijua ni nyumba ya nani.”

“Ningekuambia, ungekwenda?”

“Nisingekwenda.”

“Basi umejijibu mwenyewe.”

Kisha akamweleza, polepole, kama anavyomwelezea mtoto mzito wa hesabu. Ndugu yake amekosea, hakuna anayekataa. Hakujiuzulu uzee wa kanisa. Habari zilimfikia mchungaji, mchungaji akamsimamisha kimya kimya ili nyumba isitangazwe vibaya. Sasa mtoto amezaliwa, mtoto hana hatia, na mchungaji amesema kwamba mambo yatafungwa siku mke halali atakaposimama mwenyewe mbele za watu aseme yamekwisha. Kumwambia kwa maneno asingeambilika, kila mtu anamjua alivyo. Lakini akishamshika mtoto, akamwogesha, akamzoea, moyo ungefuata mikono. Umoja ulikaa ukaomba, ukaona hiyo ndiyo njia.

“Umoja mzima?” Mama Wiki akauliza.

“Kamati.”

“Na waliobaki?”

Mwalimu alivua miwani, akaifuta. “Wifi yangu, karatasi imekaa mlangoni wiki mbili. Majina yote yapo, la mama, la baba, la mlezi. Hakuna aliyekuficha kitu.”

Kuna maneno ambayo mtu akiyasema anajua kabisa yanaingia wapi. Miaka thelathini Mwalimu alikuwa na wifi asiyejua kusoma ndani ya ukoo wake, na hakuwahi kumwonyesha hata herufi ya jina lake. Alikuwa akimwambia tu kwamba kila mtu ana karama yake.

Mama Wiki akasema harudi kule. Mwalimu akamkumbusha, bila kupandisha sauti, kwamba zimebaki siku tatu, kwamba sheria haimjui mtu, kwamba binti yule hana mama wala shangazi mjini na mshono wake bado mbichi. Akamkumbusha yule mzazi wa zamani, wa hadithi ya wazee, aliyekutwa amekufa. Akamaliza kwa kusema, “Siku nne umemlea kwa furaha. Tangu asubuhi mtoto amebadilika nini?”

Njiani alihesabu. Akivunja wiki, anavua kitambaa, na mtu atakayesimulia habari hiyo ni Mwalimu: alimwacha mzazi mbichi peke yake kwa wivu. Akimaliza wiki, atasimama Jumapili, aseme kwa kinywa chake kwamba ameikuta nyumba ya amani, na ampe mumewe mtoto wa mwanamke mwingine kwa mikono yake, na mume atarudi kwenye kiti cha mzee wa kanisa amesafishwa na dobi wake wa siku zote. Huku shimo, kule shimo. Na ndani ya mashimo yote mawili alikuwamo mtoto wa siku chache anayetaka maji ya vuguvugu.

Ijumaa alfajiri alikuwa mlangoni. Binti alipomwona akaangua kilio, akasema, “Nilidhani hutakuja.” Mama Wiki akamwambia asogee, supu inataka kuchemka. Siku zile tatu alifanya kila kitu kama inavyotakiwa, mtoto alioga, kitovu kilikauka vizuri, mshono ulioshwa kwa maji ya chumvi. Lakini hakutania tena, wala hakumwita mwanangu. Alimwita wewe. Suruali aliiacha kwenye beseni ilipokuwa, na Jumapili maji yake yalikuwa yananuka.

Jumamosi mchana mwenye suruali alitokea. Alisimama mlangoni na shati jipya kwenye mfuko wa nailoni, la kuvaa kesho, hakujua aingie au asiingie nyumba aliyoijenga mwenyewe. Akasema Mungu ambariki mama watoto, alijua siku zote kwamba ana moyo mkubwa, na nyumba zote mbili atazitunza.

“Daraja limekwisha?” Mama Wiki akamwuliza.

Akacheka kidogo, akitazama chini.

“Nauliza, maana limejengwa mwaka mzima bila mto.”

 Aliliweka shati juu ya kiti, akaenda zake. Binti akafunika uso kwa kanga. Kwa mara ya kwanza Mama Wiki aliona kwamba hata huyu hakuambiwa ukweli wote, na kwamba hilo halikumpunguzia yeye chochote.

Alikuwa na njia moja iliyobaki, akaijaribu. Jioni ile ile alikwenda kwa mchungaji. Mchungaji alimpokea vizuri, alikuwa mtu mpole, akamshukuru kabla hajafungua mdomo. Alipomweleza kwamba hakukubali, wala hakuulizwa, mchungaji alizungusha kalamu. Halafu akasema Mwalimu alimhakikishia vingine, kwamba yeye hawezi kuingilia mambo ya ndani ya Umoja, na kwamba wageni wa Jumapili wameshaalikwa. Akamshauri aombe. Akasema msamaha wakati mwingine huanza mdomoni, ukashuka moyoni baadaye.

Jumapili akavaa kitambaa. Alikipiga pasi mwenyewe, mikunjo imesimama kama karatasi. Kanisa lilijaa, na akina mama wa Umoja walikaa mbele, safu tatu za weupe na bluu, wote wanaojua kusoma. Mume alisimama mbele na shati jipya. Binti alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, maana asiye na ndoa hakai mbele hata siku mtoto wake anapopokewa.

Mama Wiki alimbeba mtoto kutoka nyuma mpaka mbele. Mtoto alikuwa macho, ameshiba, ananukia sabuni. Mchungaji akauliza kwa sauti ya ibada, “Mlezi, umeikutaje nyumba hii?”

Alizitazama safu za mbele. Alimwona katibu akikunja na kukunjua leso. Alimwona Mwalimu akimwinamishia kichwa kidogo, kama anayemhimiza mwanafunzi anayejua jibu. Mume alikuwa ameshanyoosha mikono.

“Nimeikuta safi,” Mama Wiki akasema. “Mzazi ana adabu, mtoto ana afya, wote wawili nimewalea siku saba na sikupunguza hata moja. Amani sikuikuta. Mtu asiyejua kusoma ametumwa kufua nguo za mume wake kwenye nyumba ya mwanamke mwingine, na mmekaa hapa mnangoja aseme asante.”

Hakupiga kelele, ndiyo maana walisikia wote. Aligeuka, akaipita mikono ya mumewe ikiwa bado hewani, akatembea mpaka benchi la mwisho, akamweka mtoto mapajani mwa mama yake. Akamwambia amfunike kichwa, mlango unaleta upepo. Akatoka.

Watu hupenda kusikia kwamba baada ya maneno kama hayo kanisa zima lilisimama upande wake. Halikusimama. Mchungaji alianzisha wimbo. Jumatatu walikuja wanawake watatu wa kamati, wakakaa kwenye ukingo wa viti vyake kama watu wanaoogopa kuchafuka, wakasema hakuvunja wiki kwa miguu lakini ameivunja kwa mdomo, mtoto hakukabidhiwa kwa baba, na kitabu ni kitabu. Akawapa kitambaa. Mmoja wao, ambaye Mama Wiki alimlelea mapacha siku saba bila kukaa, alikikunja bila kumtazama. Wanawe wenyewe hawakumsaidia. Mkubwa alimpigia simu akamwuliza, mama, ungevumilia ungekufa? Mume alihamia moja kwa moja nyuma ya mashine ya kusaga. Uzee wa kanisa hakurudishiwa mwaka ule, akarudishiwa mwaka uliofuata, ambapo hakuna aliyedai mke asimame mahali popote.

Siku ile ya kitambaa wawili walitangulia kutoka. Katibu, aliyekuwa wa tatu wao, alibaki nyuma, akijifanya anatafuta kiatu. Kisha akasema kwamba binti yake anajifungua mwezi ujao, uzazi wa kwanza, nyonga nyembamba, na mlezi aliyepangiwa ni msichana asiyejua hata kujaribu maji kwa kiwiko.

“Nilikuwa nawaza,” akasema, “ungekuja tu. Si kwa Umoja. Kimya kimya, kama jirani.”

Mama Wiki alimtazama mwanamke huyu aliyemsomea karatasi miaka ishirini na miwili.

“Liandike jina langu kwenye karatasi yenu,” akamwambia. “Libandike mlangoni wote walisome. Nitakuja alfajiri.”

“Unajua siwezi.”

“Basi chukua kiatu chako.”

Katibu alilia hapo sebuleni, machozi ya kweli, akasema yeye aliagizwa tu, na kwamba siku ile anasoma moyo ulimuuma. Mama Wiki akamwambia kwamba ungemuuma zaidi kidogo, ungefika mdomoni.

Mjukuu wa katibu alizaliwa salama, hilo lazima lisemwe, ingawa binti yake alichubuka chuchu vibaya na hakuna aliyejua kwa nini. Mama Wiki alipata habari hizo kwenye nyumba ya wageni, akiwa anakamua shuka na mwenzake, kila mmoja ameshika ncha yake. Mwenzake akamwuliza kama hakuona huruma, nyumba yenyewe ni mtaa wa pili, angeweza kupita hata nusu saa. Akajibu kwamba huruma alikuwa nayo nyingi tu. Wakazungusha shuka mpaka maji yakaisha, wakalitundika, akachukua lingine.